Simba wa kizuizini: Mambo ya kujua kabla ya kumtazama na kumpiga picha

KATIKA lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kando ya barabara ya Lang'ata, mgeni ana njia mbili za kumwona simba. Anaweza kuingia mbugani kwa gari na kumtafuta katika nyika ya kilomita 117 mraba, ambapo huenda akazunguka asubuhi nzima asimpate. Au anaweza kuingia kwa miguu katika Makao ya Wanyama Yatima na, baada ya mwendo mfupi, awe amesimama mbele ya simba ambaye hutenganishwa naye na wavu wa waya pekee.

Wakenya wengi, hasa wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi ya shule, humwona simba kwa mara ya kwanza kwa njia hii ya pili. Hali ni iyo hiyo Ulaya, Marekani na Asia, ambako mamilioni ya watu hawatawahi kukanyaga nyika ya Afrika. Kwao, simba ni yule aliye nyuma ya kioo, ng'ambo ya handaki au nje ya dirisha la gari katika mbuga ya kubuniwa.

Kumtazama simba wa aina hii kuna elimu yake, na kumpiga picha kuna ufundi wake. Zaidi ya hayo, kuna masuala ya uadilifu ambayo mtazamaji hawezi kuyaepuka, kwa sababu tiketi anayonunua na picha anayosambaza huweza kumfaa simba au kumdhuru.

Ufungwa wa karne nyingi

Simba aliwahi kuwa zawadi ya wafalme kabla hajawa burudani ya umma. Katika Ngome ya London, wafalme wa Uingereza walifuga simba tangu karne ya 13. Mwaka wa 1937, wafanyakazi waliokuwa wakichimba katika handaki la ngome hiyo walipata mafuvu mawili ya simba. Wanasayansi walipoyapima miaka mingi baadaye walibaini kwamba moja lilikuwa la simba aliyeishi kati ya mwaka wa 1280 na 1385, na kwamba asili ya wanyama hao ilikuwa Afrika Kaskazini. Simba wa porini wa eneo hilo walikwisha kuangamizwa katika karne ya 20.

Bustani ya wanyama ya Schönbrunn jijini Vienna, iliyoanzishwa mwaka wa 1752, ndiyo kongwe zaidi duniani miongoni mwa zile zinazoendelea kuhudumu. Ile ya London ilifunguliwa mwaka wa 1828 kwa ajili ya wanachama wa chama cha wataalamu wa wanyama, na raia wa kawaida wakaruhusiwa kuingia mwaka wa 1847. Wakati huo simba aliwekwa katika kizimba chembamba chenye vyuma, na watu wakamtazama kama wanavyotazama bidhaa dukani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1907 mjini Hamburg, Ujerumani. Mfanyabiashara wa wanyama, Carl Hagenbeck, alifungua bustani ambayo simba wake hawakuzuiliwa na vyuma bali na handaki pana lililofichika machoni pa wageni. Aliyesimama upande wa pili alimwona simba juu ya miamba kana kwamba hapana kitu kati yao. Mtindo huo ulienea duniani, na hadi leo ndio unaowapendeza zaidi wapiga picha.

Bustani ya Dublin, Ireland, nayo ilipata sifa kwa kuzalisha simba tangu karne ya 19. Miongoni mwa waliozaliwa humo ni Slats, aliyezaliwa mwaka wa 1919, ambaye sura yake ilitumiwa na kampuni ya filamu ya MGM kuanzia mwaka wa 1924. Simba kadhaa walimrithi katika nembo hiyo, na wote walikuwa wa kufugwa. Mwaka wa 2021 kampuni hiyo ilianza kutumia simba aliyechorwa kwa kompyuta.

Neno la Kiswahili ughaibuni

Mwaka wa 1966, katika jimbo la Wiltshire nchini Uingereza, tajiri wa ukoo wa kikabaila, Marquess of Bath, alishirikiana na Jimmy Chipperfield, aliyetoka katika familia ya wenye sarakasi, kufungua mbuga ya Longleat. Wageni waliingia kwa magari yao wenyewe na kupita katikati ya simba waliotembea huru ndani ya ua. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo nje ya Afrika. Wakazi wa karibu waliingiwa na hofu kwamba simba wangetoroka, lakini watu walimiminika.

Mwaka uliofuata, mbuga kama hiyo ilifunguliwa katika jimbo la Florida, Marekani. Uingereza yenyewe ilipata nyingine kadhaa: Woburn na Blair Drummond mwaka wa 1970, Knowsley mwaka wa 1971 na West Midland mwaka wa 1973.

Mbuga hizi zote zilijiita kwa neno la Kiswahili, 'safari'. Neno ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote, hata wa kwenda Mombasa kumjulia hali shangazi, huko lilipewa maana ya kutazama wanyama kwa gari. Maana hiyo mpya ilirejea nyumbani pamoja na watalii, na leo mtoto wa Nairobi huenda akalielewa neno hilo kwa maana zote mbili.

Waliopo karibu nasi

Makao ya Wanyama Yatima ya Nairobi yalianzishwa mwaka wa 1964, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Hupokea wanyama waliopotezana na mama zao, waliojeruhiwa au walionyang'anywa watu waliowafuga kinyume cha sheria. Jirani yake ni Nairobi Safari Walk, ambapo mgeni hutembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa na kuwatazama wanyama kutoka juu.

Magharibi mwa nchi, Hifadhi ya Swara ya Kisumu, iliyo ufuoni mwa Ziwa Victoria, huwa na simba vizimbani ingawa jina lake limetokana na swara wanaozurura humo. Nchini Uganda, kituo cha Entebbe, kilichoanza kama makao ya wanyama yatima mwaka wa 1952, hutoa huduma kama hiyo.

Kuna tofauti muhimu kati ya vituo hivi na bustani nyingi za ng'ambo. Huko, simba wengi wamezaliwa kizuizini, na wazazi wao vilevile. Katika kituo cha uokoaji, simba mara nyingi ana historia ya msiba: mama aliyeuawa, mtego, au mgogoro na wafugaji. Mgeni atafanya vyema kumwuliza mhudumu habari za mnyama anayemtazama, kwani hadithi hiyo ndiyo itakayoipa picha yake maana.

Saa ya kwenda

Lalamiko la kawaida la wageni ni kwamba simba amelala tu. Ukweli ni kwamba simba, awe porini au kizuizini, anaweza kupumzika kwa muda wa hadi saa 20 kwa siku. Huo si ugonjwa wala uzembe. Mwili wake umeumbwa kutumia nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha kuzihifadhi.

Kwa hivyo, anayetaka kumwona akitembea, akinyoosha viungo au akinguruma afike mara lango linapofunguliwa, au asubiri saa za mwisho za alasiri. Adhuhuri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Simba hujificha kivulini, na jua la utosini, hasa katika nchi za ikweta kama Kenya, hutia macho yake kiza na kuufanya uso uonekane kama kinyago.

Jijini Nairobi, miezi ya Julai na Agosti, ambayo wengi huilalamikia kwa baridi, ni neema kwa mpiga picha. Mawingu hupunguza makali ya mwanga na ubaridi humfanya simba awe mchangamfu kwa muda mrefu zaidi.

Saa ya kulishwa pia huvutia, lakini mgeni aulize kwanza. Bustani nyingi hazimlishi simba kila siku, kwa sababu porini pia halii kila siku. Anaweza kula nyama nyingi leo na kesho asipewe kitu. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na methali hiyo yamfaa mwenye kamera pia. Anayetulia mahali pamoja kwa saa moja hupata zaidi ya anayezunguka vizimba vyote kwa dakika 20.

Waya, kioo na dirisha

Vikwazo vitatu humkabili mpiga picha wa simba wa kizuizini, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni wavu wa waya. Waya unaweza kutoweka pichani iwapo masharti matatu yatatimizwa: lenzi iwe karibu na wavu kadiri kizuizi cha usalama kinavyoruhusu, simba awe mbali na wavu kwa upande wake, na tundu la lenzi lifunguliwe hadi mwisho. Lenzi ndefu, ya milimita 200 au zaidi, husaidia sana. Aidha, mpiga picha achague sehemu ya wavu iliyo kivulini, kwani waya unaong'aa juani huacha ukungu mweupe juu ya picha. Kamera nyingi hukimbilia kulenga waya badala ya mnyama. Hivyo ni heri kulenga kwa nukta moja tu, juu ya jicho la simba.

Cha pili ni kioo. Adui hapa ni mwangwi wa mwanga: picha ya mgeni mwenyewe na shati lake jeupe huonekana juu ya uso wa simba. Suluhisho ni kuikaribisha lenzi hadi iguse kioo, kuizingira kwa kitambaa cheusi au kwa mkono, na kuvaa nguo za rangi iliyokolea. Anayetumia simu ya mkono anaweza kuibandika kabisa kwenye kioo. Kitambaa cha kufutia alama za vidole kitamfaa pia.

Cha tatu ni dirisha la gari katika mbuga za kupita kwa magari. Vioo hubaki vimefungwa, kwa hivyo visafishwe ndani na nje kabla ya kufika. Kamera isiegemezwe kwenye kioo wakati injini inanguruma, maana mtetemo huharibu picha.

Taa ya kamera izimwe katika hali zote tatu. Mwanga wake hugonga waya au kioo na kurudi, na juu ya hayo humsumbua mnyama asiye na pa kukimbilia. Simba anayetembea hupigwa kwa kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Aliyelala huhitaji kasi ndogo kuliko hiyo. Inapowezekana, mpiga picha achutame hadi alingane na macho ya simba. Picha iliyopigwa kutoka juu humdunisha mnyama, na ile ya usawa wa macho humrudishia heshima yake.

Yanayosomeka usoni

Simba wa kizuizini hutoa nafasi ambayo porini ni adimu: kuuchunguza uso wake kwa karibu. Juu ya mdomo wa kila simba, penye mizizi ya masharubu, mna madoa meusi yaliyopangika kwa safu. Mpangilio wa madoa ya safu ya juu hutofautiana baina ya simba na simba, na haubadiliki katika maisha yake. Mbinu ya kuwatambua simba kwa madoa hayo ilielezwa mwaka wa 1970 na watafiti Pennycuick na Rudnai, nao walitumia simba wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Picha safi za mashavu yote mawili, kulia na kushoto, ni kama kitambulisho.

Singa, yaani manyoya marefu ya shingoni mwa simba dume, nazo zina mengi ya kueleza. Wakenya wanaotazama picha za simba wa Ulaya au Marekani hustaajabia wingi wa singa zao. Sababu mojawapo ni baridi. Utafiti ulioongozwa na Bruce Patterson wa jumba la makumbusho la Field jijini Chicago, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulilinganisha simba wa bustani mbalimbali za Marekani na kubaini kwamba hali ya hewa ilieleza takriban nusu ya tofauti za singa zao. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo singa zinavyositawi.

Kinyume chake ni simba wa Tsavo, ambao wengi wana singa haba au hawana kabisa. Wawili walioua wajenzi wa reli mwaka wa 1898 wamehifadhiwa katika jumba hilo hilo la Chicago, na ingawa wote ni madume, hawana singa. Mgeni asiyelijua hilo angedhani ni majike.

Simba weupe, wanaotangazwa na bustani nyingi kama ajabu, si jamii ya pekee wala si zeruzeru. Weupe wao hutokana na jeni iliyofichika, nao walijulikana porini katika eneo la Timbavati, Afrika Kusini. Kwa kuwa weupe huonekana tu mzazi wa kike na wa kiume wanapoirithisha jeni hiyo, baadhi ya wafugaji wamewazalisha ndugu kwa ndugu, jambo linaloleta maradhi na vilema.

Dalili za kuangaliwa

Mtazamaji makini hupiga picha huku akipima hali ya mnyama. Je, simba ana mahali pa kujificha na macho ya watu? Ana pahali pa juu pa kulala, kivuli, maji safi, na wenzake? Simba ndiye paka wa pekee anayeishi kwa makundi makubwa. Upweke si kawaida yake.

Dalili inayojulikana zaidi ya dhiki ni kutembea huku na huko kwenye mstari ule ule bila kukoma. Utafiti wa Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa mwaka wa 2003, ulionyesha kwamba wanyama wala-nyama ambao porini huzunguka maeneo mapana ndio wanaotaabika zaidi kwa mwenendo huo wanapofungwa. Hata hivyo, mgeni asitoe hukumu ya haraka. Simba anayezungukazunguka kabla ya chakula huenda anamsubiri mhudumu tu. Anayefanya hivyo saa zote ndiye wa kutiliwa shaka.

Shibli mapajani

Picha ambayo imeleta madhara makubwa zaidi ni ile inayoonekana kuwa ya upole kuliko zote: mgeni akiwa amempakata shibli, yaani mtoto wa simba. Nchini Afrika Kusini, biashara hiyo ilishamiri katika mashamba yanayofuga maelfu ya simba. Shibli hutenganishwa na mama yake mapema, naye mama akarejea kuzaa upesi. Baada ya miezi michache shibli huwa hatari kwa wageni, na hapo huingia hatua nyingine. Wapo wanaouzwa ili wawindwe ndani ya ua wasikoweza kutoroka, na wapo ambao mifupa yao husafirishwa Asia. Mwaka wa 2017 serikali ya nchi hiyo iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa kuuzwa nje.

Mwaka wa 2021 serikali hiyo ilitangaza nia ya kukomesha ufugaji wa simba kwa ajili ya biashara, hatua ambayo utekelezaji wake umekuwa wa polepole. Nchini Kenya, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Kanuni kwa mtalii ni nyepesi: mahali panapouza nafasi ya kumpakata shibli, au kutembea na simba, pasipewe fedha wala picha.

Ukweli wa picha

Kumpiga picha simba wa kizuizini si kosa. Kosa ni kumwita wa porini. Mwaka wa 2010, waandaaji wa shindano la Mpiga Picha Bora wa Wanyamapori, linaloendeshwa na Jumba la Makumbusho la Historia Asilia la London, walimpokonya mshindi wa mwaka uliotangulia tuzo yake. Waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwamwitu wa pichani alikuwa wa kufugwa. Mpiga picha huyo alikanusha, lakini uamuzi haukubadilishwa.

Maelezo mafupi chini ya picha, kwamba simba huyu yumo katika bustani fulani, humlinda mpiga picha na kumfaidi msomaji. Picha za udanganyifu hufanya watu waamini kwamba simba ni wengi na ni rahisi kuonekana. Hali si hiyo. Simba waliosalia porini Afrika wanakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 25,000, na hesabu ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilipata simba 2,589 pekee nchini Kenya.

Usalama kwanza

Simba aliyezoea watu hajawa mpole. Ameondokewa na woga tu, na hilo ndilo linalomfanya awe hatari. Mnamo Juni 2015, mtalii kutoka Marekani aliuawa katika mbuga ya simba karibu na Johannesburg baada ya simba kumfikia kupitia dirisha la gari lililokuwa wazi. Alikuwa akipiga picha.

Kwa hivyo, vioo vya gari visifunguliwe, hata kidogo. Gari likiharibika, waliomo wapige honi na kungoja wahudumu. Katika bustani za kutembea, asiwepo wa kuvuka kizuizi cha kwanza, kuingiza mkono wavuni, wala kumnyanyua mtoto juu ya ukuta ili apate picha. Kugonga kioo, kurusha mawe au kupiga kelele ili simba aamke ni utovu wa adabu, na katika vituo vingi mgeni anaweza kufukuzwa.

Faida iko wapi?

Wapo wanaoshikilia kwamba simba hapaswi kufungwa kabisa. Hoja yao ina uzito, hasa kwa kuwa kumrejesha simba porini ni kazi ngumu. Mfano unaokumbukwa ni wa Christian, aliyezaliwa mwaka wa 1969 katika bustani ndogo ya Ilfracombe, Uingereza, akauzwa katika duka la Harrods jijini London, kisha akaletwa Kora, Kenya, ambapo George Adamson alimfunza kuishi porini. Kisa hicho kinasifiwa kwa sababu ni cha nadra. Simba wengi wa kizuizini hawajui kuwinda wala kuwaogopa watu, na mwisho wao porini ungekuwa kifo au mgogoro na wafugaji.

Wengine huutaja mfano wa simba wa Asia, ambao porini wamesalia katika eneo la msitu wa Gir na vitongoji vyake, jimbo la Gujarat nchini India. Hesabu ya mwaka wa 2025 ilipata 891. Kwa kuwa wote wako sehemu moja, mlipuko mmoja wa maradhi unaweza kuwafyeka. Ndiyo maana bustani za India na Ulaya huwazalisha kwa utaratibu maalum. Mwaka wa 2024 shibli watatu wa jamii hiyo walizaliwa katika bustani ya London.

Baina ya misimamo hiyo miwili yumo simba mwenyewe, ambaye hakuchagua. Yule wa lango la Lang'ata huweza kuzisikia ngurumo za wenzake walio mbugani, kwani sauti ya simba husafiri hadi kilomita nane usiku ukiwa mtulivu. Mgeni anayempiga picha mchana, kisha akaingia mbugani kumtafuta wa pili, hata asipompata, atakuwa ameelewa kwa nini nyika ile iliyobanwa na majengo, barabara na reli inastahili kulindwa.